Filamu Iliyofika Tunduma kwa Basi

Mei 2007 kampuni ya Sony ilitoa toleo la 1.80 la programu inayoendesha PlayStation 3, na ndani yake kulikuwa na uwezo mpya. Mashine ya gemu iliyowekwa sebuleni sasa iliweza kuitafuta kompyuta iliyo chumba kingine, kusoma orodha ya filamu, picha na nyimbo zilizohifadhiwa humo, na kuzionyesha kwenye televisheni bila mtu kubeba chochote mkononi. Miaka hiyo hiyo, filamu iliyofika Tunduma, mji wa Tanzania ulio mpakani na Zambia, ilisafiri kwa namna nyingine. Ilinunuliwa Kariakoo, Dar es Salaam, ikiwa kwenye VCD au DVD, ikapakiwa kwenye basi, ikafika mpakani, ikakodishwa nyumba hadi nyumba na kuonyeshwa kwenye kibanda umiza kwa kiingilio. Msomaji wa haraka ataziweka historia hizi mbili kwenye mstari mmoja: huko walitangulia, huku tulichelewa. Nadhani anakosea. Sebule ya Marekani na duka la muvi la Tunduma vilikuwa vinatafuta jibu la swali lile lile, yaani namna ya kuweka filamu nyingi mahali pamoja na kuzitazama mahali pengine. Kila upande ulijibu kwa kutumia kilichokuwa rahisi kwake. Jibu la Tunduma lilitokana na hesabu sahihi ya gharama, lina mengi ya kuwafaa wanaoishi mbali na mji hata leo, na bado halijapewa nafasi yake katika historia ya teknolojia ya nchi hii.

Tuanze na upande wa sebule. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nyumba nyingi za nchi tajiri zilikuwa na vitu viwili visivyosikilizana: kompyuta iliyojaa nyimbo na video, na televisheni kubwa isiyoweza kuzisoma. Oktoba 1999 kampuni za teknolojia ziliunda jukwaa la UPnP ili vifaa vya nyumba moja vitambuane vyenyewe kwenye mtandao. Juni 2003 Sony, Intel, Microsoft na wenzao wakaanzisha umoja wa kuweka viwango vya pamoja, ambao baadaye ulichukua jina la DLNA. Utaratibu wake haukuwa mgumu. Kompyuta yenye filamu inajitangaza kwa vifaa vilivyounganishwa nayo. Mashine ya gemu inasikia tangazo, inaomba orodha, mtazamaji anachagua, na faili linaletwa kipande kwa kipande huku likichezwa. Katika shughuli yote hiyo intaneti haihitajiki hata kidogo. Waya mmoja, au ruta ya waifai isiyounganishwa na kampuni yoyote ya simu, inatosha. Msomaji alishike hili, maana hoja yote inaliegemea.

Wahandisi wa kampuni hawakuwa peke yao, na pengine hawakuwa hata wa kwanza. Xbox ya Microsoft iliyotoka Novemba 2001 ilikuwa kwa ndani kompyuta ya kawaida: prosesa ya Intel ya megahezi 733, memori ya megabaiti 64, diski ngumu, na tundu la waya wa mtandao. Vijana walioifungua na kuondoa kufuli zake waliiandikia programu ya kuchezea filamu kutoka kompyuta nyingine, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka Juni 2004 kwa jina la XBMC. Ndiyo hiyo ambayo tangu 2014 inaitwa Kodi. VLC, ambayo ni vigumu kuikosa kwenye kompyuta yoyote ya Afrika Mashariki, ina asili inayofanana nayo. Ilianza mwaka 1996 katika chuo cha École Centrale Paris nchini Ufaransa, kama mradi wa wanafunzi waliotaka kupitisha televisheni kwenye mtandao wa ndani wa chuo, na mwaka 2001 ikaachiwa umma bure pamoja na msimbo wake. Kwa hiyo programu ambayo mtu wa Tunduma huifungua kila siku kuchezea muvi ya kwenye flashi ilizaliwa kwa ajili ya kurusha filamu kutoka kompyuta moja kwenda skrini nyingine. Uwezo huo bado umo ndani yake, ingawa ni wachache wanaoutumia.

Upande wa pili wa historia hii unaanza na marufuku. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mradi wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta kwenda vibaya, Serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini, na amri hiyo ikagusa televisheni pia. Yaani vitu viwili ambavyo Sony na Microsoft walikuja kuhangaika kuviunganisha, kwetu vilizuiwa mlango mmoja kwa amri moja. Zanzibar ilikuwa na kituo chake cha televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994 ndipo vituo binafsi kama ITV vikaanza kurusha matangazo, na televisheni ya taifa ikaja mwaka 2000. Katikati ya kusubiri huko, biashara ya nje ilipolegezwa katika miaka ya 1980, deki za video ziliingia mikononi mwa watu binafsi. Kwa hiyo familia nyingi za Bara zilijua kuchagua filamu na kuitazama kwa saa zinazotaka kabla hazijawahi kutazama kituo cha televisheni kinachowapangia. Ulaya na Marekani watu walianza na ratiba ya kituo, na teknolojia ya sebuleni ikaja kuwakomboa kutoka kwenye ratiba hiyo. Huku kwetu ratiba yenyewe ndiyo iliyokuja baadaye.

Na kwa mikoa ya nyanda za juu kusini, chombo chenye nguvu kuliko mnara wowote kilikuwa barabara. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini njia zake ni za zamani: barabara kuu ya Tanzania hadi Zambia, na reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Zote mbili zinapita Tunduma. Malori ya Lusaka na Lubumbashi yanalala hapo yakisubiri kuvuka, wafanyabiashara wa Nakonde, upande wa Zambia, wanavuka kununua bidhaa, na mji unaishi kwa kupokea na kugawa. Mji wa namna hiyo hauhitaji kufundishwa maana ya ghala moja kulisha sehemu nyingi. Kutoka hapo bidhaa hupanda Vwawa na Mbozi, au huchepuka Mpemba kwenda Isongole na Itumba, hadi kata kama Ikinga za Ileje, wilaya ya milima na kahawa ambayo mto Songwe unaitenganisha na Malawi. Filamu ilifuata njia hizo hizo pamoja na sabuni, betri na mabati.

Hesabu ifuatayo inafaa kuwekwa wazi, kwa sababu ndiyo inayoamua kama watu wa mpakani walichelewa au walichagua vizuri. Chukua diski ngumu ya gigabaiti 500, iliyokuwa tayari sokoni mwaka 2007, uiweke ndani ya begi kwenye basi kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900. Tuseme safari na mapumziko yake vinachukua saa 20. Diski hiyo imebeba megabiti milioni 4, na saa 20 ni sekunde 72,000. Ukigawanya unapata zaidi ya megabiti 55 kwa kila sekunde ya safari. Waifai iliyokuwa ya kisasa kuanzia 2003, ambayo ndiyo PlayStation 3 iliitumia kuzungumza na kompyuta ya chumba cha pili, iliandikiwa kasi ya juu kabisa ya megabiti 54 kwa sekunde, na kwa vitendo ilitoa chini ya nusu ya hapo. Basi la Tunduma lilikuwa linapitisha filamu kwa kasi kubwa kuliko hewa ya sebule ya California. Intaneti ya nchi nzima wakati huo ilikuwa inategemea satelaiti. Waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na mkongo wa taifa ukajengwa hadi mipakani, Tunduma ikiwa mojawapo. Aliyebeba diski mwaka 2007 hakuwa mtu aliyekosa teknolojia. Alikuwa ametumia mtandao wenye kasi kuliko yote aliyokuwa nayo.

Ni kweli kwamba basi lina kasoro: ukitaka filamu moja usiku wa leo, saa 20 ni nyingi. Hapo ndipo duka lilipoingia. Duka la muvi, ambalo wengi wamezoea kuliita maktaba, lilikuwa na kompyuta ya mezani, diski ngumu moja au mbili, na orodha ndefu. Mteja alifika na flashi au memori kadi, akachagua, akaingiziwa, akalipa kwa idadi ya muvi au kwa sizoni nzima. Ukiweka pembeni bango la rangi na spika zinazopiga mlangoni, kinachobaki ni seva ya DLNA yenye vipengele vyake vyote: hifadhi ya pamoja, orodha inayosomeka, ombi, na uwasilishaji. Tofauti ni kwamba sebule ya Marekani ilihudumia familia moja na duka lilihudumia mtaa. Kompyuta iliyokuwa ghali mno kwa nyumba moja ilinunuliwa na mtu mmoja na kulipwa na watu mia, kidogo kidogo, kila mmoja kwa shilingi alizokuwa nazo siku hiyo.

Ufanano unakwenda ndani zaidi. Tatizo kubwa la waliotumia PlayStation 3 kupokea filamu halikuwa waya, lilikuwa fomati. Mashine ile ilikataa mafaili mengi yaliyokuwa yameenea, hasa yale ya MKV, ndiyo maana programu kama PS3 Media Server zikaandikwa ili kompyuta ibadilishe filamu papo hapo, sekunde kwa sekunde, kuwa katika hali ambayo mashine ingeikubali. Ukitumia flashi badala ya mtandao ulikutana na ukuta mwingine: PlayStation 3 ilisoma flashi za mpangilio wa FAT32 tu, na mpangilio huo haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Mhudumu wa duka la muvi alizijua kuta zote hizi kwa uzoefu. Alijua deki ipi ya Kichina inasoma nini, sabufa ipi yenye tundu la USB inacheza wimbo gani, na simu yenye skrini ndogo inahitaji video ibanwe hadi kiasi gani ndipo isikwame. Alikuwa anabadilisha fomati, anakata faili kubwa, anapanga sehemu za sizoni zifuatane. Kazi ambayo huko iliandikiwa programu, huku ilifanywa na kijana aliyeketi mbele ya skrini, na kijana huyo alijifunza mengi ambayo hakuna chuo kilichomfundisha. Kati ya watu wote katika historia hii, huyu ndiye niliyetamani zaidi aandikwe.

Kuna jambo moja ambalo sebule haikulifikiria kabisa na sisi tulilitatua mapema: lugha. Viwango vya DLNA vilichukulia kwamba filamu ikifika kwenye skrini imefika. Kwa mtazamaji wa Mbozi au Ileje, filamu ya Hong Kong au Mumbai iliyofika kwenye skrini ilikuwa bado nusu ya njia. Derek Mukandala, aliyefahamika kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa walioikamilisha nusu iliyobaki kwa kuingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza, alifafanua tabia za wahusika, aliwatahadharisha watazamaji, alileta mambo ya kigeni karibu na maisha wanayoyajua. Nchini Kenya, DJ Afro alijenga umaarufu kwa kazi hiyo hiyo, na Uganda ina wasimulizi wake kama VJ Jingo. Mwanaanthropolojia Mjerumani Matthias Krings ameandika kwa kirefu kuhusu wasimulizi wa Tanzania na kuwaona kama watunzi wanaotengeneza kazi mpya. Nakubaliana naye. Muvi iliyotafsiriwa ilikuwa bidhaa iliyoongezewa thamani njiani, jambo ambalo waya peke yake hauwezi kulifanya, na ilifungua filamu kwa watu wasiojua Kiingereza wala kusoma maandishi yanayokimbia chini ya skrini.

Mashine ya gemu nayo ilisafiri kutoka sebule za nchi tajiri hadi mitaani kwetu. PlayStation 2 ilitoka Machi 2000 na ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, sehemu kwa sababu ilicheza DVD na hivyo nyumba ikapata vitu viwili kwa bei ya kimoja. Ilipochakaa huko, nyingi ziliingia Afrika kama mitumba na kuwa mtaji wa mabanda ya gemu, ambako vijana hulipia mechi ya mpira moja moja. Lenzi ya kusomea diski ndiyo hufa kwanza. Programu ya bure iitwayo Open PS2 Loader ikatoa njia tatu za kuikwepa: kusoma gemu kutoka flashi, kutoka diski ngumu, au kutoka kompyuta kupitia waya wa mtandao. Ukiitazama kiufundi, njia ya tatu ina faida ambayo wengi hawaijui. Tundu la USB la PlayStation 2 ni la kizazi cha kwanza, lenye kikomo cha megabiti 12 kwa sekunde, ndiyo sababu video za gemu hukatakata zikisomwa kwenye flashi. Tundu la mtandao la mashine nyembamba za kuanzia 2004 linafika megabiti 100. Kompyuta moja ya zamani yenye swichi ya bei nafuu inaweza kulisha mashine kadhaa kwa pamoja na kuziondolea tatizo hilo. Hapo mwenye banda anafanya kile kile ambacho Sony ilikitangaza Mei 2007, kwa vifaa ambavyo Sony yenyewe ilikwisha kuviacha.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya hoja hii ni haki za wasanii. Mtu atasema: unachokisifu ni wizi uliopangwa vizuri. Silikwepi. Filamu nyingi zilizopita kwenye flashi hizo hazikumlipa aliyezitengeneza, na walioumia hawakuwa Hollywood peke yake. Waigizaji na waandaaji wa Bongo Movie, ambao soko lao lilikuwa diski, waliona kazi zao zikinakiliwa ndani ya siku chache. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na chombo chake, COSOTA. Mwaka 2013 zilianza kutumika stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki. Lakini angalia stempu hiyo ilibandikwa wapi: kwenye ganda la diski, wakati ambapo wateja walikuwa wanahamia kwenye faili. Duka la muvi halikuwahi kupewa mlango halali wa kununua faili kwa bei ya jumla na kuliuza kwa rejareja mtaani, kama linavyonunua vocha. Dhara lilitokana na kukosekana kwa malipo, na malipo yangeweza kuunganishwa na kompyuta ya duka kwa urahisi kuliko kumfukuza mwenye flashi mmoja mmoja. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vinavyotumika kurekodi na kunakili kazi za sanaa, na kwa kufanya hivyo lilikiri kwamba kunakili kupo na kunaweza kulipiwa. Ni hatua iliyokuja baada ya wasanii wengi kuumia, na nasema kwa uchungu kwamba ingekuja wakati maduka yale yanachanua, huenda kungekuwa na kiwanda cha filamu chenye mtandao wa usambazaji hadi kila tarafa.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye simu. Mkongo umefika, minara ipo, filamu iko YouTube na kwenye huduma za kulipia kwa mwezi. Ya nini kuzungumzia kompyuta inayorusha filamu chumba cha pili? Jibu la kwanza ni kuuliza ni kwa nini huduma hizo zilishinda. PlayStation 4 ilipotoka Novemba 2013 haikuwa na uwezo wa kusoma filamu kutoka kompyuta ya nyumbani, uwezo ambao mtangulizi wake alikuwa nao. Programu ya kuurudisha ilikuja Juni 2015, baada ya wateja kulalamika. Netflix ilifunguliwa Tanzania pamoja na nchi nyingine zaidi ya 100 Januari 2016. Umoja wa DLNA ukavunjwa Januari 2017. Hakuna ushahidi kwamba kurusha filamu ndani ya nyumba kulikuwa kumeshindwa kiufundi; vifaa vilikuwa vimekuwa vyepesi na waifai imekuwa na kasi kuliko awali. Ninavyoona mimi, kilichobadilika ni faida: filamu uliyonayo mwenyewe haileti ada ya mwezi. Waliotaka kubaki na maktaba zao waliendelea wenyewe, na Desemba 2018, programu moja ya namna hiyo ilipofungiwa msimbo wake, wajitoleaji walichukua nakala ya mwisho iliyokuwa wazi wakaanzisha Jellyfin, ambayo ni bure hadi leo.

Jibu la pili ni la bei. Mtu mmoja akitazama video mara moja, kifurushi cha simu kinaweza kumfaa. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akifungua somo lile lile la megabaiti 300 kutoka intaneti, linatumia gigabaiti 12. Likiwekwa kwenye kompyuta ya shule linapakuliwa mara moja tu, megabaiti 300, na kurudiwa mwaka mzima bila shilingi ya ziada. Nyumba ya watoto watano wanaorudia katuni moja kila jioni inafanya hesabu hiyo hiyo bila kujua. Na kuna siku ambazo waya wenyewe unakatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na watumiaji wa Tanzania pamoja na majirani walikaa na intaneti dhaifu au bila intaneti kabisa. Faili lililokuwa tayari kwenye diski ya Tunduma halikuguswa na tukio hilo.

Linabaki la umeme na vifaa, na hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu ni la kweli vijijini. PlayStation 3 ya kwanza ilikula karibu wati 200 ikiwa kazini, na kompyuta ya mezani yenye skrini inakula zake. Kuweka seva ya namna hiyo mahali ambapo umeme unakatika au haujafika ni ndoto ghali. Ila hoja hii ilipoteza nguvu Februari 2012, Raspberry Pi ilipotoka kwa dola 35: kompyuta ya ukubwa wa kitambulisho inayotumia wati chache, inayoweza kuendeshwa na sola ndogo, na inayoendesha Kodi. Programu za elimu za kutumia bila intaneti zilikuwa zinakua wakati huo huo. Kiwix, inayobeba Wikipedia nzima kwenye diski, ilianza mwaka 2007, na Kolibri ya masomo ya shule ikafuata muongo mmoja baadaye. Maudhui ya Kiswahili yapo pia, yakiwemo ya Ubongo Kids, yaliyoanza kurushwa mwaka 2014 kutoka Dar es Salaam. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, masomo yalipelekwa kwa redio na televisheni, na mwanafunzi aliyekosa saa ya kipindi alikikosa. Sanduku lenye masomo hayo kwenye ofisi ya kata lingemruhusu kukirudia.

Kwa mahali kama Ikinga, vinavyohitajika vinaweza kuhesabiwa: kompyuta ndogo ya aina hiyo, diski ngumu, ruta isiyo na laini ya simu, sola na betri yake, na televisheni moja au simu za wazazi zilizopo tayari. Kipya kinachotakiwa kila muhula ni faili tu, na hilo linaweza kupanda gari kutoka Mpemba na kumalizia njia kwa bodaboda. Wenye ujuzi wa kupanga hifadhi, kubadilisha fomati na kujua kifaa kipi kinasoma nini wapo Tunduma na Vwawa, wengine bado wameketi mbele ya kompyuta za maduka yao huku wateja wakipungua. Halmashauri ikitafuta mtu wa kuanzisha na kutunza maktaba kama hiyo, ianzie kwao, na iwalipe.